Zoezi Lililovuja

Mjane wa fundi saa hakuuliza nani alimsukuma mumewe. Aliuliza nani alisema. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, amepakata kiatu kimoja cha marehemu, maana cha pili hakikuonekana pale walipomwokota. Inspekta alipojitambulisha na kumpa pole, yule mama alimtazama usoni.

"Waliomkanyaga walikuwa wanakimbia kama yeye alivyokuwa anakimbia," alisema. "Sina neno nao. Mimi namtaka aliyewakimbiza."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akaondoka na swali hilo kama lilivyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana yake mchana, sauti ya mwanamke anayelia ilianza kuzunguka kwenye simu za mji mzima. Alisema mwanawe amekunywa maji ya bomba na midomo imebadilika rangi, basi kila mwenye mtoto ayamwage maji aliyonayo. Hakutaja jina wala mtaa, na hakuna aliyengoja ataje. Maduka yaliishiwa maji ya chupa, shule zikafungwa kabla ya wakati, na boza la maji lilipoegeshwa sokoni watu walilivamia kwa madumu. Fundi saa, mzee ambaye nusu ya saa za mji ule zilipita mikononi mwake, aliteleza hapo na hakuinuka tena.

Kabla ya magharibi Mamlaka ya Maji ikatoa taarifa. Ilisema kwamba kilichosikika ni igizo la mafunzo ya wafanyakazi wake, kwamba limevuja kwa bahati mbaya, kwamba maji ni salama na kwamba inaomba radhi. Watu wakapumua. Kufika usiku walishaanza kucheka, na neno zoezi likawa mzaha. Mume aliyechelewa kurudi alimwambia mkewe alikuwa zoezini. Hata Inspekta aliamini. Alichotumwa kutafuta kilikuwa kitu kimoja: mkono uliolitoa igizo nje ya chumba chake.

Inspekta alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Watu walilazimika kuinama mbele ili wamsikie, na mtu akishainama mbele huwa anasema zaidi ya alivyokusudia. Sajini wake, kijana mwembamba aliyekuwa fundi wa kuchokonoa mambo ya simu, ndiye aliyeendesha gari.

Njiani simu ya Inspekta iliita. Alikuwa mdogo wake wa kike, aishiye mtaa wa kilimani, na alikuwa na wasiwasi. Mtoto alikuwa anaharisha tangu alfajiri na sasa ameanza kutapika. Inspekta alimwambia ampe maji mengi, kidogo kidogo, asimwache akakauka.

"Dada, haya maji yenyewe yana harufu."

"Hiyo harufu umeisikia baada ya ile sauti," Inspekta alisema. "Lile lilikuwa zoezi, mdogo wangu. Mpe maji, nikimaliza nitapita."

Sajini alikata kona kuingia kwenye lango la Mamlaka.

Mkufunzi wa zoezi lile aliwapokea kwenye ukumbi wa mikutano, katikati ya kompyuta zilizofunikwa. Alikuwa ameajiriwa kutoka nje kwa kazi ile tu, na tangu jana kila mtu katika jengo lile alikuwa akimpita bila salamu, kama kwamba ana upele. Hakulia wala hakujitetea. Alivuta viti viwili na kuanza kueleza.

Kazi yake, alisema, ni kuwafundisha watu kusema ukweli haraka wakati mji unawaka. Hakuna anayejifunza hilo kwa kusoma; ni lazima apigwe moto kidogo. Kwa hiyo aliwagawa wafanyakazi wa Mamlaka katika vyumba viwili. Huku walikaa Msemaji na watu wake wa habari. Kule walikaa wengine walioigiza wananchi: mama mwenye hasira, mwandishi king'ang'anizi, mzushi, mwanasiasa anayetafuta kura. Walikuwa wanaandikiana kwenye mtandao wa ndani uliotengenezwa ufanane na mitandao ya kweli, lakini usiovuka kuta za ukumbi. Yeye aliwatupia jambo, kisha akakaa kuangalia watajibu nini kabla uzushi haujazaa.

"Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Siku hizi mwongo hapiti njiani. Anapita hewani."

Simu zote, aliongeza, ziliachwa kwenye beseni mlangoni, na beseni lilikaa mbele ya macho yake. Isipokuwa moja. Msemaji aliomba abaki na yake, kwa sababu waandishi wa kweli wanaweza kumtafuta wakati wowote. Hilo lilikuwa na mantiki, naye alimkubalia.

Inspekta aliuliza kama sauti ile ingeweza kutoka kwa makosa, mtu akabonyeza pasipo kusudi. Mkufunzi alitikisa kichwa. Alifungua kompyuta na kuwachezea sauti kama ilivyotumika ukumbini. Ilianza na mwanamke akitamka waziwazi, "Zoezi, zoezi." Ndipo kilio kikafuata, na mwishoni tena, "Zoezi, zoezi." Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza: kila ujumbe ufunguliwe na ufungwe kwa neno hilo, iwe maandishi au sauti, ili hata ukidondoka barabarani anayeuokota ajue ni nini.

Ile iliyozunguka mjini haikuwa na neno hilo, mwanzo wala mwisho.

"Kwa hiyo haikudondoka," Inspekta alisema. "Ilikatwa kichwa na mkia, kisha ikatolewa."

"Ndivyo ninavyowaambia tangu jana. Hakuna anayetaka kunisikia."

Sajini naye alikuwa na lake. Akaunti ya kwanza kuirusha ile sauti ilifunguliwa siku ileile, haina jina, ina picha ya ua jekundu, na baada ya kurusha sauti haikuandika tena hata salamu. Inspekta aliuliza sauti yenyewe ni ya nani.

Ilikuwa ya mwanamke wa dawati la wateja waliyemwita Kasuku, kwa sababu aliweza kumwiga mtu yeyote, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini mwenye kigugumizi. Walimkuta chumba cha nyuma anapanga mafaili. Dirisha la wateja, ambalo wenzake walisema amelikalia miaka mingi, lilikuwa na mtu mwingine. Hapo Inspekta alipunguza mwendo. Mtu aliyeshushwa cheo ana sababu ya kuwasha kiberiti.

Kasuku alikana kabla hajaulizwa. Alisema yeye aliambiwa atoe sauti, akatoa, basi. Alirekodi nyumbani kwake jioni, kwa simu yake, akamtumia Mkufunzi. Hakumpa mtu mwingine yeyote. Inspekta aliegemea ukuta, akamtazama mpaka yule mama akaanza kupanga upya mafaili aliyokwisha kuyapanga. Kisha akamuuliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama ana uhakika.

Hakuwa nao. Alikuwa amemtumia binamu yake, kwa kuchekeshana tu. Binamu yake ana kundi la wanawake zaidi ya mia. Alipolisema hilo machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Alikuwa amelala macho usiku kucha akijiona ndiye muuaji wa fundi saa. Sajini alishaanza kunyoosha mkono kuchukua maelezo ya kukiri.

"Ngoja," Inspekta alisema. "Nichezeeni hiyo aliyomtumia binamu yake."

Kasuku alitafuta kwenye simu yake. Kilio kilikuwa kilekile, maneno yaleyale. Lakini katikati sufuria lilianguka, na watoto walisikika wakicheka nyuma, mmoja akisema mama anadanganya. Inspekta alimwambia Sajini acheze ile ya mjini. Hapakuwa na sufuria wala watoto. Palikuwa na kitu kingine, hafifu, chini ya kilio: tok, kimya, tok, kimya, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha.

"Hizi ni sauti mbili," Inspekta alisema. "Ya pili ulirekodi wapi?"

Kasuku alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa ameisahau kwa woga. Msemaji alikuwa ameisikia ile ya kwanza akasema ina kelele za jikoni, haifai. Alimwita ofisini kwake, akaweka mashine yake ya kurekodia mezani, ile aliyotoka nayo redioni, wakarudia. Alirudia mara mbili, maana mara ya kwanza Msemaji alisema hajalia vya kutosha. Ndiyo iliyotumika ukumbini.

Inspekta alimuuliza kwa nini aliondolewa dirishani. Kasuku alitazama mlango. Akasema hilo halihusiani. Inspekta akasema yeye ndiye huamua kinachohusiana.

"Nilikatazwa kuongea na wa kilimani," Kasuku alisema kwa sauti ya chini. "Walikuwa wanapiga simu sana. Nikawaambia wachemshe kwanza maji yao. Msemaji akasema nazua hofu."

"Wanapiga simu kwa nini?"

"Afande, nina watoto. Waulize wao wenyewe."

Inspekta alitoka koridoni akampigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Sajini alimfuata akiwa na simu yake mkononi, akamwonyesha kitu.

Ilikuwa picha iliyowekwa asubuhi ile na mama mmoja wa kilimani. Mtoto wa kiume amelala kitanda cha hospitali, macho yamezama, na pembeni picha nyingine ya beseni jeupe lenye maji yaliyotulia. Chini yake palikuwa na mashapo meusi. Mama yule aliandika kwamba haya ni maji ya bomba lake, anaomba msaada. Chini ya maneno yake mji mzima ulikuwa unacheka. Zoezi linaendelea? Mama unaigiza vizuri, jana sauti leo picha. Mwambieni huyo mtoto aamke, mafunzo yamekwisha.

Inspekta alisoma chache, akarudi ukumbini kwa hatua za haraka. Alimwonyesha Mkufunzi ile picha na kumuuliza kama ni ya kwake.

"Sina picha hata moja kwenye zoezi langu. Niliikataa habari ya picha za watoto tangu siku ya kwanza. Msemaji alizitaka. Nikamwambia sauti inatosha."

"Nipe ile taarifa ya kuomba radhi."

Sajini aliifungua. Inspekta aliisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akarudia mstari mmoja kwa kidole. Mamlaka ilikuwa imewaomba wananchi wapuuze "sauti na picha" zinazosambaa, kwani zote ni sehemu ya mafunzo. Taarifa ile ilitoka jana jioni. Aliwauliza wote wawili, Sajini na Mkufunzi, kama jana jioni kulikuwa na picha yoyote mjini. Sajini alitafuta huku na huku, akafika mpaka ukurasa wa kina mama wa kilimani. Hapakuwa na picha jana. Ya kwanza ilikuwa hii ya asubuhi.

Mkufunzi alikaa kitini taratibu. "Msemaji ndiye aliyeiandika. Alijua inakuja," alisema.

Inspekta alikuwa anapiga simu tena. Safari hii ilipokewa, lakini si na mdogo wake. Ni jirani, aliyesema simu imesahaulika kwenye kiti. Mwenyewe kambeba mtoto kakimbilia hospitali, maana mtoto alikuwa haitikii vizuri. Inspekta alimwambia jirani asiguse maji ya bomba, wala yeye wala wanawe. Jirani alicheka kidogo kwa adabu, akauliza kama na yeye ni wa zoezi.

Alimwomba Mkufunzi amchapishie ile taarifa na ile picha, kisha akamtuma Sajini hospitalini na gari. Alimwagiza amtafute mtoto, aongee na daktari wa wodi, na akipata nafasi apite kilimani ajaze chupa ya maji kutoka bombani, aifunge kwa lakiri. Sajini alisita, akauliza kama si afadhali Inspekta aende mwenyewe, kazi amwachie yeye.

"Mimi si daktari," Inspekta alisema. "Nenda."

Ofisi ya Msemaji ilikuwa mwisho wa koridoni. Alikuwa mtu mzuri wa kutazama, shati jeupe, sauti nene iliyowahi kuamsha mji kila asubuhi redioni, na alimkaribisha kama mgeni aliyekuwa akimngoja. Alimwita dada yangu. Alisema amehuzunika mno kuhusu yule mzee, kwamba fundi saa alishamtengenezea saa ya baba yake. Alisema, kwa moyo mzito, kwamba asingependa kumtaja mwenzake, lakini Inspekta atafahamu mwenyewe kuwa Kasuku ana kinyongo, na kwamba binamu yake ana mdomo mpana.

Juu ya vichwa vyao feni ilizunguka. Kila ilipofika mahali fulani iligonga: tok. Inspekta aliinua macho, akaitazama muda, kisha akaisikiliza tena.

"Feni yako mbovu," alisema.

Msemaji alisema amelalamika mara nyingi, mafundi wa jengo hawana haraka.

"Imo kwenye sauti iliyomkimbiza fundi saa. Ile ya binamu yake Kasuku haina feni, ina sufuria."

Msemaji alisogea mbele ili asikie vizuri. Kisha akatabasamu. Alikubali kwamba sauti ilirekodiwa pale, lakini baada ya hapo aliituma ukumbini, na huko kulikuwa na watu wengi. Inspekta alimkumbusha kwamba watu wengi hao waliacha simu mlangoni, akamwomba amkabidhi yake. Msemaji akasema atafanya hivyo mbele ya mwanasheria. Inspekta akasema ni haki yake. Akatoa taarifa ya kuomba radhi, akaiweka mezani, akamwomba aisome kwa sauti, maana alisikia ni yeye aliyeiandika na angependa kuisikia kutoka kwa mwenyewe.

Aliisoma vizuri. Hakuweza kujizuia, mdomo ulishazoea. Alipofika kwenye "sauti na picha" Inspekta aliinua kidole.

"Picha ipi?"

"Zile za zoezi."

"Zoezi halikuwa na picha. Mkufunzi alikukatalia."

Msemaji alisema basi ni kosa la uandishi, mtu huandika sauti na picha kwa mazoea. Inspekta alimwekea picha ya yule mtoto juu ya karatasi.

"Hii imetoka leo asubuhi. Wewe umeikanusha jana jioni. Uliiona wapi?"

Feni iligonga, ikazunguka, ikagonga. Msemaji alitazama picha, akaigeuza chini juu. Alipoanza kusema tena ile sauti ya redio haikuwepo. Ilibaki ya mtu wa kawaida aliyechoka.

Alisema mama yule alikuwa ameituma kwenye kikasha cha ujumbe cha Mamlaka siku kadhaa nyuma, akiomba mtu aje aone maji yake. Hakujibiwa. Akatuma tena, akasema asipojibiwa ataweka hadharani. Na hakuwa peke yake. Mafundi walipokuwa wakiunganisha tangi jipya la kilimani walipasua bomba la maji taka lililopita karibu na bomba kuu, na uchafu ulikuwa unaingia. Mkurugenzi aliambiwa. Lakini uzinduzi wa tangi lile ulikuwa mwisho wa wiki, wageni wakubwa wamealikwa, na mafundi waliahidi kuziba kimyakimya. Mkurugenzi alisafiri, akamwachia yeye mdomo wa Mamlaka na amri moja, kwamba pasisikike neno.

"Hukuweza kuwazuia wasiseme," Inspekta alisema, "ukaamua wasiaminiwe."

Msemaji hakukana. Alisema lilimjia wakati Mkufunzi anawaeleza jinsi umma unavyochoka ukidanganywa mara moja. Watu wakishacheka kitu leo, kesho hata kikiwa kweli watakicheka. Alihesabu kwamba watahangaika saa chache, wataombwa radhi, yataisha. Hakumhesabu mzee yeyote.

"Sikutaka mtu afe, Inspekta."

"Wa jana au wa kesho?"

Alifunika uso. Inspekta aliwaita askari wawili waliokuwa wanangoja chini na karandinga la polisi, wakamchukua pamoja na simu yake na mashine ya kurekodia. Katika mlango alijaribu kurekebisha kola, kama mtu anayekwenda mbele ya kamera.

Simu ya Inspekta iliita akiwa bado amesimama chini ya feni. Sajini alisema mtoto ametundikiwa dripu, amefumbua macho, daktari anasema amewahi. Kisha alisema kwamba wodi imejaa, kwamba watoto wamelazwa wawili wawili, na karibu wote ni wa kilimani. Kila mama alikuwa ameambiwa na mtu kwamba ni zoezi. Mdogo wake alichukua simu. Hakulalamika, alisema tu kwamba alimpa maji mengi, kidogo kidogo, kama alivyoambiwa.

"Nilikosea," Inspekta alisema. "Kaa naye. Nakuja."

Lakini hakwenda bado. Alirudi ukumbini, akamwambia Mkufunzi waandike tangazo. Mkufunzi aliliandika kwa maneno machache, yasiyo na pambo: maji ya kilimani yamechafuka, msinywe, mkiwa na mgonjwa mleteni hospitali. Wakaliweka kwenye ukurasa wa Mamlaka, kwa jina la polisi. Walikaa wakiangalia. Jibu la kwanza lilikuja upesi. Zoezi tena? La pili lilikuwa kicheko. La tatu liliuliza safari hii nani analia.

Mkufunzi aliandika tena, akaapa, akaweka namba ya kituo cha polisi. Walicheka zaidi. Aliinua mikono kutoka kwenye kibodi.

"Nimewafundisha watu kuzima uzushi," alisema. "Sikuwahi kufundisha namna ya kuamsha watu walioambiwa walale."

Inspekta alimuuliza ni kitu gani mtu huamini baada ya kudanganywa. Mkufunzi alifikiri, akasema huamini anachokigusa kwa mkono wake.

Hilo lilitosha. Inspekta alishuka ngazi mpaka chumba cha mitambo, ambako mhandisi wa zamu alikuwa anakunywa chai kwa kikombe cha bati. Alimwambia afunge maji ya kilimani yote. Mhandisi alisema hawezi bila amri ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko safarini. Inspekta alimwambia kwamba Msemaji yuko kwenye karandinga, kwamba wodi ya watoto imejaa, na kwamba Mkurugenzi akirudi amwambie ni Inspekta aliyemshurutisha. Inaonekana mhandisi alikuwa amelijua jambo lile siku nyingi, kwa sababu hakuuliza swali jingine. Aliweka kikombe, akaenda kwenye valvu kubwa nyekundu, akaizungusha kwa mikono miwili. Ilikuwa ngumu. Inspekta alishika upande wa pili, wakaizungusha pamoja mpaka ikakataa.

Haukupita muda simu za dawati la wateja zikaanza kuita, moja, kisha zote. Kasuku alikuwa amerudi dirishani bila kuambiwa na mtu, anapokea kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wenzake hawakuwa wameizoea. Inspekta alivuta kiti, akainua mkono wa simu iliyokuwa karibu naye.

Alikuwa mwanamume, na alianza kwa matusi. Alisema wamekata maji bila taarifa, ana mgeni, ana watoto, na Mamlaka nzima ni ukoo wa mbwa. Inspekta alimwacha amalize.

"Ni kweli tumeyakata, kaka," alisema. "Na hayo uliyojaza asubuhi, yamwage."

Ili asikie, bila shaka alikuwa amebana simu sikioni.

"Hili nalo zoezi?"

"Bomba lako linatoka?"

"Halitoki hata tone."

"Basi."

Yule bwana alihema. Kwa mbali alisikika akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akimuuliza ndoo iko wapi. Pakawa na nyayo, mlango, kisha maji yakimwagwa uani, mengi, kwa muda mrefu. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimemwaga," alisema. "Mwanangu alikunywa asubuhi. Nifanye nini?"

Inspekta alimwambia ambebe sasa hivi, asingoje, na akifika wodini amuulizie Sajini.